Baker Pasha na Meli Zilizoishia Rejaf

Atakaye kujua umri wa chombo cha majini cha zamani huanza kwa kutafuta namba. Chombo kilichoundwa kiwandani, kiwe cha mbao au cha chuma, hupewa namba na waundaji wake, nayo hugongwa juu ya ubao wa ndani au juu ya kibati, kisha huandikwa katika daftari ya kiwanda. Daftari ikipatikana, mwaka nao umepatikana. Huko Marekani wako watu wanaozipenda boti za mbao za zamani kama wengine wapendavyo farasi, na kwao namba hizo ni elimu kamili. Kadi za boti za kampuni ya Chris-Craft, iliyokuwa ikiunda vyombo vyake Algonac, Michigan, zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Newport News, Virginia, na mwenye boti hupeleka namba yake akaletewa habari za kuzaliwa kwa chombo chake. Tangu Novemba 1972 sheria ya nchi hiyo imedai kila boti iwe na namba ya herufi na tarakimu 12, ambayo ndani yake mna wakati wa kuundwa.

Kwetu pwani mambo ni mengine. Fundi wa jahazi hagongi namba. Namba tuionayo ubavuni huandikwa na wakuu wa bandari kwa ajili ya usajili, nayo haitwambii lini mkuku ulilazwa. Umri wa jahazi huulizwa kwa nahodha, naye hujibu kwa kuhesabu miaka ya kusi na kaskazi, au kwa kutaja harusi ya mtu fulani.

Lakini hata namba ya kiwandani yataka kusomwa kwa hadhari. Namba hutolewa agizo linapoingizwa daftarini au kazi inapoanza, wala si siku chombo kinapoguswa na maji. Baina ya siku hizo mbili huweza kupita majuma machache, na huweza kupita miaka kumi. Leo tumeona vema tuwaeleze wasomaji wetu habari za mtu aliyeagiza vyombo vitano kwa siku moja, akavipa namba kutoka 1 hadi 5, akavilipia na kuvisafirisha nusu ya bara la Afrika; na kwa sababu ya mahali pamoja padogo namba zile zikapinduka, ya mwisho ikawa ya kwanza. Mtu huyo ni Samuel White Baker, aliyejulikana Misri kwa jina la Baker Pasha. Mahali penyewe ni Rejaf.

Rejaf ni kilima na mji mdogo kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Naili, kusini kidogo ya Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini. Kilima chenyewe kimesimama peke yake kama pia iliyogeuzwa juu chini, na msafiri hukiona toka mbali. Jina lake ni la Kiarabu, nalo lina maana ya mtetemeko. Wala halikutolewa bure, kwani mwezi wa Mei 1990 ardhi ya pande zile ilitetemeka kwa nguvu sana. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wabari, watu wa ng'ombe na mtama. Baadhi ya wasomaji wetu watapakumbuka Rejaf kwa vita ya Februari 1897, jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji lilipowatoa wafuasi wa Mahdi, na wengine kwa mkutano wa lugha wa mwaka 1928. Hayo leo tunayapita.

Jambo lililoipa Rejaf umuhimu ni maji. Kutoka Khartoum, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600, meli huweza kupanda mto mpaka hapo. Kupita hapo haiwezi. Kusini ya Rejaf mto huanza kuvunjika juu ya mawe: kwanza Bedden, halafu Kerri na Mugi, na mwisho maporomoko ya Fola karibu na Nimule, ambayo hakuna chombo kiwezacho kuyapanda. Baada ya Fola, hapo Dufile, maji hutulia tena, na mtu husafiri kwa raha mpaka Ziwa Albert. Kwa hiyo Naili ya pande hizo ni mito miwili, na baina yake pana nchi kavu ya kilomita zipatazo 150. Atakaye kupeleka meli ziwani hana budi kuifungua, kuipandisha juu ya mabega ya watu, na kuiunga tena upande wa pili.

Baker alizaliwa London tarehe 8 Juni 1821. Baba yake alikuwa tajiri mwenye meli, na mali ya nyumba yao ilitoka katika biashara ya sukari ya visiwa vya Karibi na Morisi, sukari iliyolimwa kwa jasho la watumwa. Kijana huyo hakupenda kukaa ofisini. Alikwenda Morisi, kisha Ceylon, ambako mwaka 1848 alianzisha shamba katika milima ya Nuwara Eliya na kujipatia sifa ya mwindaji asiyechoka. Mkewe wa kwanza, Henrietta, alifariki mwaka 1855, akamwachia watoto wa kike.

Baada ya msiba huo alitangatanga Ulaya, na mwaka 1859 akajikuta Vidin, mji wa Mto Danube uliokuwa chini ya Waturuki. Yasemekana kwamba hapo, katika mnada wa watumwa, alimwona msichana kutoka pande za Hungari aliyepoteza jamaa zake katika vita, akatoroka naye. Msichana huyo ndiye Florence, aliyekuwa mwenzi wake mpaka kufa, na ambaye katika safari zote tutakazozitaja alikuwako. Twaliandika jambo hili kwa sababu si watu wengi wa zama zile waliopigana na biashara ya watumwa huku mke wao mwenyewe amepita katika soko hilo.

Safari ya kwanza ya Afrika ilianza mwaka 1861. Baker hakutumwa na serikali, alijilipia mwenyewe. Mwezi wa Februari 1863 alifika Gondokoro, ng'ambo ya mto na kaskazini kidogo ya Rejaf, kwa mashua tatu za mbao kutoka Khartoum. Siku chache baadaye wakatokea Speke na Grant, wamechakaa, wakitoka Buganda na Bunyoro, nao wakampa habari ya ziwa ambalo wao hawakuwahi kulifikia. Baker na Florence wakashika njia. Mwaka mzima ulipita katika homa, njaa na kungoja ruhusa za wafalme. Tarehe 14 Machi 1864 waliliona ziwa ambalo wenyeji walilijua tangu na tangu kwa jina la Luta Nzige, naye akalipa jina la Albert, mume wa Malkia wa Uingereza aliyekuwa amekwisha kufa.

Hapo Mbakovia, kando ya ziwa, Baker alipata mitumbwi miwili, kila mmoja umechongwa kwa gogo moja. Alijenga kibanda cha matete juu ya mmoja wao, akatundika shuka yake ya sufu kuwa tanga, na kwa siku 13 wakaambaa pwani ya ziwa mpaka Magungo, wimbi likiwatisha kila alasiri. Mitumbwi ile haikuwa na namba. Majina ya waliochonga hayakuandikwa, na umri wake hakuna aliyeuliza. Lakini ilikuwa pale pale penye maji, nayo ikamfikisha. Twadhani ilikuwa ndani ya mtumbwi ule, akiwa ameloa na anatetemeka kwa homa, kwamba Baker alianza kuiota meli ya mvuke juu ya ziwa lile.

Alirudi Uingereza mwaka 1865, akapewa nishani, na mwaka uliofuata akaitwa Sir. Mwaka 1869 ukaja wito wa Khedivi Ismail wa Misri. Khedivi alitaka nchi zote za juu ya Naili ziwe mali yake, na alijua kwamba Ulaya ingemkubalia kwa urahisi zaidi ikiwa kazi hiyo ingeitwa vita dhidi ya biashara ya utumwa. Baker akapewa cheo cha Pasha, madaraka ya gavana mkuu kwa miaka minne kuanzia tarehe 1 Aprili 1869, na mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka. Miongoni mwa maagizo yake lilikuwamo la kuyafungua maziwa makubwa kwa meli.

Ndipo alipokwenda kwa Samuda Brothers, waundaji wa meli wa London, akaagiza vyombo vitano. Namba 1 ilikuwa meli ya magurudumu ya ubavuni, tani 251. Namba 2 ilikuwa meli ya rafadha mbili, nguvu za farasi 20, tani 108. Namba 3 ilikuwa mfano wake kwa udogo, nguvu za farasi 10, tani 38. Namba 4 na 5 zilikuwa mashua za chuma cha pua, kila moja urefu wa futi 30 na upana wa futi 9, uzito wa tani 10. Mitambo ilitoka kwa kiwanda cha Penn. Vyote viliundwa kwa namna ya kufunguliwa vipande vipande, ili ngamia aweze kuvibeba katika jangwa la Nubia, na binadamu aweze kuvibeba mbele ya hapo.

Msomaji atazame namba hizo kwa makini. Hazikufuata wakati, kwani vyombo vyote vilikuwa vya agizo moja na mwaka mmoja, 1869. Zilifuata ukubwa. Kichwani mwa Baker meli kubwa ilikuwa ya kwanza na mashua zilikuwa za mwisho. Ilikuwa orodha ya mtu aliye London.

Kazi ya kuvisafirisha alikabidhiwa mhandisi wake, Edwin Higginbotham, mtu ambaye historia imemsahau kwa haraka mno. Mabapa ya chuma, mataruma, boila na maelfu ya ribiti vilipita Misri, vikavushwa jangwani, vikafika Khartoum. Baker mwenyewe alitangulia na askari mwezi wa Februari 1870, akazuiwa na magugu yaliyoufunika mto kama zulia, akarudi nyuma, akapiga kambi kungoja msimu mwingine. Mwaka mmoja kati ya ile minne ulimezwa na magugu. Aliingia Gondokoro Aprili 1871, na tarehe 26 Mei akapandisha bendera ya Misri na kupaita mahali pale Ismailia.

Wabari hawakuwa na haja ya bendera. Miaka mingi walikuwa wamezoeana na wafanyabiashara wa Khartoum, kwa mema na kwa mabaya. Baadhi ya viongozi wao, kama Alloron wa Gondokoro, walifaidika kwa ushirika huo, na wengine walikuwa wamepoteza watu na ng'ombe. Huyu mgeni mpya aliyesema kwamba amekuja kuwaokoa alikuwa na watu zaidi ya elfu moja wa kulishwa, na hakuwa na nafaka. Wabari walipokataa kumwuzia, alichukua. Alitwaa ng'ombe wao kwa maelfu, alivamia vijiji vya Belinian, na mwishoni mwa mwaka alishuka mpaka nchi iliyo karibu na Rejaf, akakomba mtama uliokuwa maghalani. Kitabu chake alichokitoa mwaka 1874 kinayaeleza haya yote bila haya, kama mtu anayeeleza mavuno yake mwenyewe. Hatusemi kwamba alikuwa mwongo katika chuki yake juu ya utumwa. Mashua za watumwa alizikamata, na waliofungwa aliwafungua. Twasema kwamba Mbari aliyeona ghala lake limetiwa moto hakuwa na kipimo cha kutofautisha askari wa Pasha na askari wa mfanyabiashara.

Novemba 1871 sehemu kubwa ya jeshi, pamoja na wagonjwa, ilirudishwa Khartoum, na Baker akabaki na askari wapatao 500, wakiongozwa na walinzi hodari wake aliowapa jina la Wezi Arobaini. Hata hivyo hakukata tamaa ya ziwa. Januari 1872 alipakia vipande vya meli Namba 2 katika mashua, akapanda mto, akapita chini ya kilima cha Rejaf, akafika mahali maji yanapoanza kuvunjika. Alikuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Tani 108 za chuma zilikuwa zimesafiri kutoka London mpaka hapo, na mbele yake palikuwa na mwendo wa siku chache tu.

Kiongozi wa Bedden aliahidi wapagazi. Siku iliyowekwa ikafika, na wapagazi hawakuja. Walikuja wanaume wenye mikuki, wakasimama mbali, wakatazama. Ng'ombe waliotekwa hawakujua nira; wengine walilala chini, wengine walikimbia. Baker akasihi, akatisha, akaahidi malipo. Jibu likawa lile lile. Watu aliowanyang'anya mtama katika Disemba hawakuona sababu ya kumbebea boila katika Januari.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana waandishi wengi wa habari za Baker hupita hapa mbio ili wafike kwenye vita vya Masindi. Wao husema kwamba Wabari walikuwa wakaidi, au wavivu, nao wameyanakili maneno hayo kwa Baker mwenyewe. Sisi twaona jambo lingine. Hebu tulinganishe na chombo kingine cha zama zile zile. Mwaka 1874 Henry Stanley aliagiza kwa James Messenger wa Teddington, karibu na London, mashua ya mbao za mwerezi, urefu wa futi 40, iliyogawanyika katika vipande vitano. Akaiita Lady Alice. Ilipofika Unguja ilionekana vipande vyake vizito mno, na fundi mmoja akavikata upya ili wapagazi waviweze. Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Tarehe 27 Februari 1875 ulikuwa Kagehyi, juu ya Ziwa Viktoria, na siku chache baadaye mashua ilikuwa majini. Chombo cha mwaka 1874 kilielea ziwani mapema mwaka 1875. Stanley hakuwa mpole kuliko Baker. Kila mtu anajua hayo. Lakini nyuma yake palikuwa na mamia ya wapagazi wa Unguja na Unyamwezi, watu ambao upagazi kwao ulikuwa kazi yenye mshahara, mapatano, heshima na nyimbo zake. Bedden hapakuwa na kazi ya namna hiyo. Palikuwa na wafugaji waliokuwa wameona ya kwamba aendaye na mzigo wa mgeni harudi.

Baker akakubali. Aliamuru vipande virudishwe Gondokoro, na Higginbotham na mafundi wake waiunge meli huko huko, upande wa mto ambao haikukusudiwa. Yeye, Florence na askari wachache wakaenda kwa miguu mpaka nchi ya Lobore, ambako watu wengine, kwa malipo ya ng'ombe, walikubali kuwabebea mizigo. Kutoka hapo walifika Fatiko, kisha Masindi. Tarehe 14 Mei 1872 aliitangaza Bunyoro kuwa nchi ya Misri, mbele ya Mfalme Kabarega aliyekuwa bado kijana. Mwezi mmoja baadaye wenyeji wakainuka. Baker akateketeza Masindi na akarudi nyuma, akipigwa kwa mikuki katika majani marefu njia nzima. Kabarega alibaki mfalme, na Waingereza walikuja kumjua vizuri zaidi baadaye. Ziwa lenyewe, lililokuwa shabaha ya safari yote, Baker hakulifikia tena.

Alirudi Gondokoro tarehe 1 Aprili 1873, siku ile ile muda wa kazi yake ulipokwisha. Higginbotham alikuwa amekufa mapema mwaka huo. Lakini meli ilikuwa imesimama juu ya maji: Namba 2, tani 108, rafadha mbili, jina lake Khedive. Mafundi walikuwa wameiunga ribiti kwa ribiti mbali na kiwanda chochote, na Baker aliifurahia kama mzazi. Ilikuwa nzuri, ilikuwa na mbio, na ilikuwa upande usiofaa wa Rejaf.

Baada yake akaja Charles Gordon, mwaka 1874. Gordon aliikuta Gondokoro pana maradhi, akahamishia vituo vyake Lado na Rejaf, kisha akaanza kujenga ngome moja baada ya nyingine katika nchi ile kavu: Bedden, Kerri, Mugi, Labore, Dufile. Mwaka 1875 alitia mashua katika maji ya kasi, na mamia ya watu wakazikokota kwa kamba huku wengine wakilinda kingo kwa bunduki. Kamba zilikatika, watu walizama. Mwezi wa Agosti Wabari waliwaua karibu na Mugi Ernest Linant de Bellefonds na kikosi chake. Bwana huyo alikuwa ametoka kwa Kabaka Mutesa, ambako mwezi wa Aprili alikutana na Stanley aliyekuja kwa Lady Alice. Yaani aliona kwa macho yake chombo kilichofaulu, akaja kufa penye njia ya vile vilivyokwama. Oktoba 1875 Gordon alisimama mbele ya Fola, akaelewa kwamba kamba hazitamfikisha. Kilichobaki ni mabega ya watu.

Sasa tuzitazame namba za Baker zikiingia majini upande wa ziwa. Wa kwanza walikuwa wa mwisho: Namba 4 na 5, zile mashua mbili za chuma cha pua. Ziliungwa, zikapewa majina ya Dufile na Magungo, na mwezi wa Machi 1876 Mtaliana Romolo Gessi akaondoka nazo, akaingia Ziwa Albert, akalizunguka lote mwezi wa Aprili. Halafu ikafuata Namba 3, tani 38, iliyoitwa Nyanza. Gordon alisafiri kwayo mpaka Magungo mwezi wa Julai mwaka ule ule, na mwaka 1877 ofisa wa Kimarekani Mason akaitumia kulipima ziwa. Namba 2, Khedive, ilibidi ipande maporomoko na kuungwa upya Dufile. Kazi hiyo ilimalizika Gordon alipokwisha kuondoka katika jimbo. Namba 1, ile kubwa, haikuliona ziwa kamwe.

Kwa hiyo mtu aulizwe: Khedive ilizaliwa lini? Kwa daftari ya waundaji ni mwaka 1869. Kwa maji ya Gondokoro ni miaka ya 1872 na 1873. Kwa maji ya Dufile, ambayo ndiyo iliyoundwa kwa ajili yake, ni mwishoni mwa miaka ya sabini. Chuma ni kile kile na namba ni ile ile. Mafundi wa boti za mbao wana mzozo wa namna hii hii: chombo kilichobadilishwa mbao zake zote kihesabiwe umri gani? Mafundi wengi hushika mwaka wa kwanza, kwa kuwa ndio ulioandikwa. Sisi hatuwapingi, ila kwa habari ya Khedive twaona mwaka wa kwanza humtaja mlipaji tu. Miaka inayofuata ndiyo inayowataja walioibeba, kwa hiari au kwa kulazimishwa, na wale waliokataa.

Aliyefaidi kazi hiyo alikuwa mtu mwingine kabisa. Daktari Eduard Schnitzer, Mjerumani aliyejiita Emin, alifanywa gavana wa Ikweta mwaka 1878. Vita vya Mahdi vilipokata njia ya Khartoum, Emin alihamia Wadelai mwaka 1885, na meli mbili za Baker zikawa mkono wake wa kuume: zikabeba askari, chumvi, nafaka na barua baina ya Dufile na ziwa. Vipuri havikuwako; mafundi waliziba na kuunga kwa walichokipata. Jioni ya tarehe 29 Aprili 1888 Stanley, aliyekuwa amepasua msitu wa Kongo kuja kumwokoa Emin, aliona moshi juu ya Ziwa Albert. Ilikuwa Khedive. Aliikagua, akaandika kwamba iliundwa na Samuda mwaka 1869, kwamba urefu wake ni futi kama 90, na kwamba ingawa inakaribia miaka ishirini bado yafaa, japo ni ya polepole. Hesabu yake ilikuwa ya kiwandani. Ndani ya maji ya ziwa meli ile ilikuwa haijatimiza miaka kumi.

Mwisho wa mwaka ule wafuasi wa Mahdi walipanda mto kwa meli zao kutoka Khartoum, wakaitwaa Rejaf, na askari wa Emin waliokwenda kuikomboa wakauawa. Meli za Mahdi nazo ziliishia hapo hapo zilipoishia zote. Emin akaondoka na Stanley tarehe 10 Aprili 1889, akaziacha Khedive na Nyanza nyuma, akatokea Bagamoyo mwezi wa Disemba. Mwaka uliofuata, akiwa katika utumishi wa Wajerumani, alijenga kituo cha Bukoba. Na Oktoba 1892 aliuawa katika Kongo ya mashariki.

Baker alikuwa hai bado wakati huo wote, akizisoma habari hizi magazetini. Alikuwa amenunua nyumba Newton Abbot, katika jimbo la Devon, akaishi humo na Florence, akiandika vitabu vya uwindaji na kuwaandikia wakubwa barua kuhusu Sudan. Majira ya baridi walisafiri, Misri, Bara Hindi, hata Japani. Kusini ya Gondokoro hakurudi. Alifariki nyumbani kwake tarehe 30 Disemba 1893, ana umri wa miaka 72. Florence aliishi katika nyumba ile ile mpaka mwaka 1916.